Ng'ombe Walitoka 2012, Serikali Ikaanza Kuhesabu 2016

Jumapili za soko pale Kibuye sikosi kusimamishwa na dada fulani aliyeolewa Kisumu kutoka Mwanza, Tarime au Tororo. Maneno ni yale yale: "Dada, wewe makaratasi ya kukaa Kenya ulipataje?" Najibu haraka haraka huku nikipima mzigo, na najua majibu ya haraka ndiyo yaliyonipoteza mimi mwenyewe. Basi leo nimekaa chini.

Mimi ni mzaliwa wa Musoma. Nilivuka mpaka wa Sirari kuingia Kenya mwaka 2011 na begi moja, nikafikia kwa shangazi yangu aliyekuwa akiuza dagaa. Huku wanaita omena. Siku ya kwanza nilipotaja dagaa, mteja aliniangalia kama namuuzia mchanga. Mwaka uliofuata nikapata mume. Desemba 2012 wazee wa kwao Nyakach wakasafiri hadi kwetu, wakampa mama ayie yake, yaani pesa ya mahari ya mama, na baba ng'ombe wake, watu wakala, vigelegele vikapigwa. Kwa mama mkwe nikawa Nyar Musoma, yaani binti wa Musoma, na ndilo jina langu mpaka leo.

Tukadhani mambo yameisha hapo.

Miaka hiyo yote niliishi kwa muhuri wa mpakani. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki akiingia Kenya hugongewa hadi miezi sita, kwa hiyo kila ilipokaribia kwisha nilipanda gari mpaka Isebania, nikavuka, nikala ndizi za kuchoma upande wa pili, nikarudi na muhuri mpya. Nilijiona mjanja. Wapo wengi wanaofanya hivyo hadi leo na wanaamini wanajijengea miaka. Hawajengi kitu. Muhuri ule ni wa mgeni anayetembea. Haukupi ruhusa ya kufanya kazi wala biashara, na anayetafuta ukaaji wa kudumu kwa njia ya kazi hutakiwa awe ameshika vibali vya kazi kwa miaka isiyopungua 7, na mitatu ya mwisho awe amekaa nchini mfululizo. Mimi nilikuwa na pasipoti iliyojaa mihuri na sikuwa na kibali hata kimoja.

Mwaka 2016, mtoto wa pili akiwa mgongoni, nikaenda uhamiaji. Nilikuwa nimesikia kwamba mke au mume wa Mkenya anaweza kuomba ukaaji wa kudumu ndoa ikifikisha miaka 3, nami nilikuwa nimepita hapo. Ofisa akaniomba cheti cha ndoa. Nikamweleza habari za ng'ombe, za ayie, za wazee waliolala kwetu siku mbili. Alinisikiliza kwa adabu yote, kisha akauliza, "Sasa mama, hao ng'ombe wameandikwa wapi?"

Nilirudi nyumbani nikanuna wiki nzima. Mume wangu alisema tutafute mtu wa kutusaidia, na kweli tukampata mmoja mjini aliyevaa tai na kujidai ana ndugu Nairobi. Akachukua shilingi 18,000 za kuharakisha cheti chenye tarehe ya nyuma. Hatukumwona tena, na leo nashukuru alikuwa mwizi wa kawaida tu. Angetuletea kweli hicho cheti cha uongo, ningekuwa nimekalia bomu: Katiba ya Kenya, kifungu cha 17, inaruhusu mtu aliyesajiliwa kuwa raia anyang'anywe uraia ikigundulika aliupata kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo. Unaweza kuwa na wajukuu na bado karatasi ile ikakufuata.

Mwishowe tukafunga ndoa ya serikali kwa msajili, baada ya tangazo la siku 21 la nia ya kuoana, mimi nikiwa na barua kutoka nyumbani kwamba sina mume mwingine. Kuanzia tarehe ya cheti kile ndipo hesabu ikaanza. Miaka minne ya ndoa yangu haimo kwenye faili lolote.

Kwa hiyo dada, kama umeolewa kimila, nenda kaiandikishe. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa ya kimila, usajili wake umekuwepo tangu tarehe 1 Agosti 2017, na mnatakiwa kumjulisha msajili ndani ya miezi mitatu baada ya sherehe. Usingoje harusi kubwa ya kanisani ambayo mchango wake haujaanza. Watu wangu wa Kisumu kwa kamati za harusi! Zinaweza kukaa miaka miwili zikijadili hema.

Ukaaji wa kudumu niliuomba 2019, mwaka wa tatu wa cheti. Maombi hupitia mtandaoni siku hizi, na huo si upande mgumu. Ugumu ni kuonyesha kwamba mnaishi pamoja kweli. Weka mkataba wa nyumba wenye majina yenu wawili, risiti za karo, kadi za kliniki za watoto, picha za kawaida za nyumbani ambazo hamkujipanga. Weka pasipoti zote za zamani, hata iliyokatwa pembe. Tafuta mapema cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI, idara ya upelelezi ya polisi. Na wakati unangoja usikae bila hadhi yoyote: omba pasi ya mtegemezi, ukijua kwamba nayo haikuruhusu kufanya kazi, kisha uchukue kitambulisho cha mgeni, maana mgeni anayezidisha siku 90 hutakiwa kujisajili.

Watoto wasikupe presha. Mzazi mmoja akiwa Mkenya, awe baba awe mama, mtoto ni Mkenya wa kuzaliwa hata akizaliwa Musoma.

Sasa uraia. Kifungu cha 15 cha Katiba kinasema aliyeolewa au kuoa Mkenya kwa miaka isiyopungua 7 ana haki ya kusajiliwa akiomba. Asiye na ndoa anaweza kuomba akiwa ameishi kihalali miaka 7 mfululizo, na yeye, pamoja na masharti mengine, lazima aelewe na kuzungumza Kiswahili au lugha ya kienyeji. Sharti hilo halikunihusu, na nilisikitika kidogo. Mtu wa Musoma kutahiniwa Kiswahili na watu wa Kisumu, ningelipia kiingilio.

Miaka 7 yangu ilitimia 2023. Sijaomba.

Rafiki yangu wa Tororo ananicheka. Yeye alisajiliwa bila wasiwasi kwa sababu Uganda inaruhusu uraia wa nchi mbili. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima: nikichukua wa Kenya kwa hiari yangu, wa kwetu unakoma. Na uraia ukikoma, ardhi inaweza kufuata, maana Tanzania kwa kawaida asiye raia hamiliki ardhi ila kwa njia ya uwekezaji. Baba aliniachia kiwanja Musoma, karibu na ziwa, na kaburi lake limo humo.

Upande huu nako kuna ardhi. Asiye raia Kenya anaweza tu kukodi ardhi, isiyozidi miaka 99, na shamba la kilimo kule Nyakach haliwezi kuandikwa jina langu. Mume wangu yu mzima, namwomba Mungu azidi kumweka, lakini nimeona wajane wakizungushwa na mashemeji. Halafu kuna kura. Tarehe 9 Agosti 2022 mtaa mzima ulitoka alfajiri kwenda kupiga foleni, mimi nikabaki nafua na kulinda watoto wa majirani.

Ukiniuliza, nakushauri ukaaji wa kudumu uuchukue siku ya kwanza unapostahili, bila kufikiria mara mbili. Uraia, kama wewe ni Mtanzania, kaa kwanza na ndugu zako mtaje kila kilichoandikwa jina lako kule, kiwe kiwanja au nyumba. Hilo si jambo la kuamua na mume peke yake kitandani.

Mdogo wangu anakuja Desemba na hati ya kiwanja cha baba. Nimemwambia aje nayo yenyewe, si picha ya simu.