Twita ya honi inachoma masikio: usitie rizista moja, tia mbili

Mkuu, umeuliza kwa nini spika yako inachoma masikio: wufa yako (spika ya besi) ya inchi 8 ina desibeli 89 kwa wati moja, twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) ya honi ina 98, zote omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme). Lazima ichome. Kwa tofauti ya desibeli 9, wufa ingehitaji wati nane ili iifikie twita inayokula wati moja.

Wengi hufunga rizista moja kubwa kwenye mfuatano na twita, wakamaliza. Sauti inashuka kweli, ila krosova, yaani mpaka ambapo twita inaanza kuimba, inahama. Kapasita, ile inayozuia besi isifike kwenye twita, ya mikrofaradi 4.7 kwa twita ya omu 8 inakata sauti za chini ya Hz 4,200 hivi. Ongeza rizista ya omu 16, kapasita sasa inaona omu 24, mkato unateremka hadi Hz 1,400, na kihoni kinalazimishwa kuimba sauti za kati kisizoziweza. Ndiyo ile sauti ya debe.

Anza na kapasita, ifuate rizista ya omu 5.6 kwenye mfuatano, halafu ya omu 4.7 sambamba na twita, chanya hadi hasi ya twita yenyewe. Hapo umepunguza desibeli 9, na kapasita bado inaona omu 8 na ushei. Tofauti ikiwa 6, tumia 3.9 na 8.2, ikiwa 4, tumia 3 na 15. Chukua zile nyeupe za saruji, wati 10, zisiguse plaiwudi wala kapasita maana zinachemka.

Twita isiyo na maandishi ipime kwa mita: ya omu 8 husoma 6 hadi 7, ya omu 4 husoma 3 na kitu. Ikigoma kusoma, ama imekatika ama ni aina iitwayo piezo. Piezo haina koili, kwa hiyo kapasita peke yake haiikati. Mpaka uifungie rizista ya omu 8 sambamba. Wati zilizobandikwa nyuma ya honi za bei poa achana nazo.

Kapasita iwe isiyo na chanya wala hasi. Ukiikosa, chukua mbili za kawaida, zenye chanya na hasi, za mikrofaradi 10, unga hasi kwa hasi, unapata 5.

Kusikiliza, washa spika moja tu, weka msomaji wa habari, kaa mita mbili, twita usawa wa masikio. Herufi "s" zikichoma masikio, shusha desibeli moja; maneno yakifubaa, pandisha moja. Kisha geuza nyaya za twita, ubaki na upande ambao sauti ya mtu imejaa. Kama utapigia uwanjani, shusha tena moja au mbili, kwa sababu pasipo kuta besi inapotea na twita inabaki juu.

Halafu kwa huku kwetu pwani ya kusini, Lindi mjini, Mikindani, Shangani, usisokote nyaya tu. Chumvi ya bahari inaziotesha kutu ya kijani ndani ya boksi, twita inaanza kukatakata na utadhani imeungua. Choma risasi (solda) kila kiungo.