Fundi, naweza kubadilisha shokomzoba mwenyewe?

SWALI: Hujambo Fundi. Nina Subaru Impreza WRX ya mwaka 2005, ile yenye buti. Nililipenda gari hili tangu utotoni, baba akitupeleka kutazama Safari Rally. Siku hizi nikipita tuta lolote la Outering, mbele linadunda mara tatu nne ndipo litulie, na shoki ya kushoto imelowa mafuta. Gereji moja ilinifungia mpya mwaka jana, na baada ya miezi minne zikaanza kuvuja. Nimechoka. Nimenunua nyingine Kirinyaga Road na nataka kuzifunga mwenyewe hapa kwenye ploti, Umoja. Mke wangu anaogopa jeki. Je, nijaribu? Tena marafiki wananishauri nikate springi mzunguko mmoja ili gari likae chini.

JIBU: Jaribu, ndugu yangu. Kazi yenyewe ni ya siku moja kwa mtu asiye na haraka. Ila mkeo ana haki ya kuogopa, na mimi naogopa kitu kingine zaidi ya jeki: ile springi.

Kwenye Subaru yako, shoki na springi ni kitu kimoja kilichofungwa pamoja. Springi imebanwa tayari, na kinachoizuia ni nati moja tu ya katikati, juu kabisa. Ukifungua boneti utaona nati tatu ndogo zimeizunguka. Hizo tatu ni zako. Ile ya katikati usiiguse gari likiwa limesimama hapo, wala shoki ikiwa mkononi mwako. Nilipokuwa kijana gereji, mwenzangu aliilegeza akidhani springi imeshabanwa vya kutosha. Kile kikombe cha chuma kinachoikalia springi juu kilipasua bati la paa. Kilipita nusu hatua kutoka shavuni mwake. Alikaa chini, akaishika chai yake bila kuinywa hadi ikapoa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: toa shoki zote mbili za mbele nyumbani, kisha zipeleke zilivyo kwa fundi mwenye mashine ya kubania springi iliyofungwa ukutani au kwenye benchi. Gunia moja na boda boda vinatosha. Akubadilishie mbele ya macho yako, urudi ufunge. Hata magari ya mashindano hayabanwi springi kando ya barabara. Impreza iliyompa Colin McRae ushindi wa Safari mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000, ilibadilishiwa shoki haraka kwa sababu mafundi walikuwa nazo zimeshaunganishwa na springi zake.

Sasa jeki. Ploti nyingi zimetandikwa kabro, na jeki huzama au kuinama juu yake, basi weka ubao mnene chini. Legeza nati za magurudumu gari likiwa bado chini, vuta handibreki, weka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Kisha stendi mbili za chuma. Jeki ni ya kuinulia, haishikilii gari mtu akiwa chini yake. Magurudumu uliyoyatoa yalaze chini ya bodi. Na unapokwenda kwa fundi, mwache mtu mzima hapo. Najua watoto wa ploti na mpira wao.

Usiku wa kuamkia kazi, nyunyizia bolti za chini dawa ya kulegeza kutu. Kuna mbili kila upande. Ile ya juu kati ya hizo mbili kichwa chake kina alama, kwa sababu ndiyo inayopanga mwinamo wa gurudumu. Omba rangi ya kucha kwa mkeo, uchore mstari kuanzia kichwa cha bolti hadi kwenye chuma. Shika kichwa kisizunguke, fungua nati. Kabla ya hapo fungua vishikio vinavyobana mpira wa mafuta ya breki na waya wa ABS (wa kuzuia magurudumu yasikwame ukifunga breki) kwenye shoki, bila kuukata mpira wenyewe, na shoki ikishatoka, funga kitovu cha gurudumu kwa waya kisilale nje. Kikining'inia, uzito wote unauvuta huo mpira wa breki.

Kuhusu zile zilizovuja baada ya miezi minne: ukizitoa, futa rodi inayong'aa kwa kitambaa, kisha ipitishie ukucha polepole. Ukucha ukikwama mahali, huenda aliyezifunga aliishika rodi kwa koleo isizunguke alipokaza nati. Mkwaruzo mdogo kama unywele hukata sili, ile raba inayozuia mafuta, kila gari linapodunda, na mafuta hutoka. Hili linaniuma, kwa sababu mwenye gari hulaumu duka. Mwambie fundi wako mapema kwamba koleo haligusi rodi. Shoki mpya azisimamishe wima, azisukume na kuziachia mara kadhaa hewa itoke, ncha ya springi ikae kwenye kidato chake, na alama ya OUT kwenye kikombe cha juu itazame nje ya gari. Raba za juu zikiwa zimepasuka, nunua mpya.

Ukifunga, zile nati tatu za boneti hazitaki nguvu: nyutoni mita 20 tu kwenye spana ya kipimo. Nimeona wengi wakizikata kwa spana ndefu. Za chini ndizo za kukazwa hasa, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kesho yake nenda ukafanyiwe alaimenti, hata kama mstari wa rangi umelingana.

Springi usikate. Springi iliyokatwa hupoteza ncha yake ya kukalia. Gurudumu likining'inia juu ya shimo, inacheza na kuhama mahali pake. Tena shoki mpya itakuwa inafika mwisho kwa kila tuta, na wewe unaishi Umoja, unapita Outering kila siku. Ukitaka gari la chini, nunua springi fupi zilizotengenezwa kwa gari hilo pamoja na shoki zinazolingana nazo. Hizo ulizonunua, zifunge na springi zako kama zilivyo.