Nyeusi ya 50% mara mbili haifiki 100%
Ndugu, umeuliza mbona, katika programu ya kuhariri picha, matabaka mawili meusi yenye ukolevu (kiasi cha kufunika kilicho chini) wa 50% juu ya nyeupe yanatoa kijivu, si nyeusi tii. Asilimia hapa hazijumlishwi. Kila tabaka hufunika sehemu ya kilichobaki chini yake: kwa kipimo cha mwangaza ambapo nyeusi tii ni 0, nyeupe ni 255, la kwanza linaacha kama 128, la pili 64, la tatu 32. Programu huchukua rangi ya juu mara ukolevu wake, kisha huongeza rangi ya chini mara kiasi kilichobaki. Wataalamu wa michoro ya kompyuta Thomas Porter na Tom Duff waliiandika kanuni hiyo mwaka 1984. Angalia sana mpangilio: nyekundu ya 60% juu ya bluu kamili ni (153, 0, 102), yaani kiasi cha nyekundu, kijani na bluu; zigeuze, bluu ndiyo itakayotawala.