Maswali ya Wasomaji: Mfalme kwenye shamba la New Jersey

SWALI: Mhariri, nimesikia kuwa Joseph, kaka yake Napoleon, alijificha Marekani kwa jina la bandia, na nyumba yake ilikuwa na mahandaki ya kutorokea. Ni kweli? Na mgeni aliruhusiwaje kumiliki ardhi?

JIBU: Kujificha hakukuwepo. Joseph Bonaparte, aliyekuwa mfalme wa Napoli na kisha wa Hispania, alifika New York mwaka 1815 akajiita Comte de Survilliers (comte ni cheo cha kikabaila cha Kifaransa), kwa jina la kijiji kilicho jirani na shamba lake la Ufaransa. Majirani wote walimjua ni nani.

Mwaka 1816 alipata shamba la Point Breeze, huko Bordentown, katika jimbo la New Jersey, mahali kijito cha Crosswicks kinapoingia mto Delaware. Sheria ya New Jersey ilimbana mgeni asimiliki ardhi, hivyo ununuzi ulipitia kwa mtu mwingine. Mwaka 1817 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuwaruhusu wageni, naye akaendelea kuongeza viwanja vya jirani.

Sasa mahandaki. Yalikuwepo, yamejengwa kwa matofali. Moja lilitoka chini ya nyumba kubwa likaishia kwenye nyumba ya bwawani, alikokaa binti yake Zénaïde na mumewe, mtaalamu wa ndege Charles Lucien Bonaparte. Anayetaka kuwakimbia maadui hachimbi njia ya kwenda kwa mkwewe! Kazi yake ilikuwa kupitisha mizigo na watu, hasa wakati wa theluji.

Bwawa lenyewe lilihitaji akili. Delaware hujaa na kupwa mpaka Trenton, mji ulio juu zaidi mtoni kuliko Bordentown, kwa hiyo kijito kisichozuiwa huacha tope maji yakipwa. Joseph alijenga ukuta wa kuzuia maji kwenye kijito cha Thornton, maji yakatulia, akaweka mashua na batamaji. Kulizunguka alikata barabara za magari ya farasi na kupanda miti, kwa mtindo wa bustani za Ulaya zinazojifanya msitu.

SWALI: Nyumba hiyo bado ipo?

JIBU: Hapana. Ya kwanza iliungua Januari 1820, mwenyewe akiwa safarini. Majirani walitoa picha, vyombo vya fedha na hata droo zenye vito, naye akawaandikia barua ya shukrani iliyochapishwa magazetini. Alijenga ya pili kwa kugeuza mabanda ya farasi kuwa jumba, na humo aliweka maktaba ya vitabu karibu 8,000. Hiyo nayo ilibomolewa mwaka 1850 na mmiliki mwingine, Henry Beckett. Joseph alishaondoka moja kwa moja mwaka 1839, akafia Florence mwaka 1844. Kilichobaki wima ni nyumba ya mtunza bustani.

SWALI: Mke wake je?

JIBU: Malkia Julie alibaki Ulaya. Mabinti wawili, Charlotte na Zénaïde, ndio waliomfuata.