Uso wa Dracula ulichunikaje mwaka 1958?

Umeuliza uso wa Christopher Lee, mwigizaji wa Dracula, ulichunikaje mwishoni mwa filamu ya Dracula ya kampuni ya Uingereza Hammer (1958), wakati picha za kompyuta hazikuwepo kwenye filamu. Ni nta tu. Mpambaji Phil Leakey alimpaka rangi nyekundu usoni, kisha akaifunika kwa nta wanayotumia wapodoaji maiti, iliyochanganywa ifanane na ngozi. Lee alipojikwarua kwa vidole, nta ikabanduka na wekundu ukachomoza kama nyama mbichi. Kamera haikuhitaji ujanja wowote.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, ugumu uko kwenye unene. Ukizidisha nta, vidole havifiki kwenye rangi. Ukiipunguza mno, wekundu unaonekana hata kabla hujajikwarua. Joto la taa nalo huilainisha, kwa hiyo paka dakika za mwisho. Na ikishakwaruliwa, basi: kurudia ni kuanza upya.

Kama hukumbuki kuiona sehemu hiyo, hujakosea. Wakaguzi wa filamu wa Uingereza waliikata, na miaka mingi watu waliona nakala iliyopunguzwa. Vipande vilikutwa Tokyo mwaka 2011, kwenye nakala ya Kijapani iliyokuwa imeharibiwa na moto, vikarudishwa kwenye toleo lililosafishwa mwaka 2012. Tafuta hilo.

Vile vinara viwili vya mishumaa alivyopishanisha Peter Cushing, mwigizaji wa Van Helsing anayepambana na Dracula, kupata msalaba vilikuwa wazo lake mwenyewe. Kwangu mimi, vinaishinda hata hiyo nta.