Kauli za kujipa moyo kwa mhasibu anayeanza kazi

Vijana wengi wanaojiunga na fani ya uhasibu huja na kauli walizozipata kwenye semina: "Mimi ni bora", "Nimezaliwa kufanikiwa". Sina ugomvi nazo, ila nawashauri mzipime kwanza, kwa sababu kauli usiyoiamini huzua ubishi wa ndani kwa ndani: mdomo unadai umefanikiwa, na papo hapo kichwa kinakukumbusha somo ulilofeli kwenye mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu Tanzania. Mwaka 2009, mwanasaikolojia Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada na wenzake walionyesha kwamba watu wasiojithamini, waliporudiarudia kauli ya kwamba wao ni watu wa kupendeka, walijisikia vibaya kuliko wenzao wa hali hiyohiyo ambao hawakuitamka. Dawa ilimzidishia mgonjwa maradhi, na aliyefaidika nayo, tena kidogo tu, ni mzima, yaani yule aliyekuwa anajithamini tayari.

Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika maandishi yake ya mwaka 1977 kuhusu imani ya mtu katika uwezo wake, alisema kwamba imani hiyo hujengwa zaidi na mambo ambayo mtu amekwisha kuyafanya mwenyewe akafaulu kuliko maneno ya kumshawishi. Kwa hiyo kauli yako ianzie kwenye kazi. Badala ya "mimi ni mhasibu hodari", andika: "Ijumaa nililinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha, nikagundua kwamba tofauti ya shilingi 54,000 ilitokana na hundi ya 39,000 kuandikwa 93,000, mwezi ujao nitailinganisha akaunti hii bila kusimamiwa." Kauli ya namna hiyo haina wa kuipinga, hata wewe mwenyewe, na kwenye usaili ndiyo hasa inayojibu swali la "unaweza kufanya nini?"

Wengine hubandika kauli zao kwenye kioo. Mimi naona daftari linatosha, maana lina tarehe, na baada ya miezi michache utaona lengo lipi limesogea na lipi limebaki maneno.

Ukifeli somo, usiifute kauli yote kwa hasira, wala usiendelee kuimba "nitafaulu yote" kana kwamba matokeo hayajatoka. Iandike upya kwa kadiri ya ulipofika: "Ukaguzi nimefaulu, kodi nimefeli kwenye maswali ya hesabu, nayo nitayafanya kila jioni kabla sijatoka ofisini."