Kutoka rekodi ya simu hadi PV: mambo yanayoharibu kazi

Mtu akilalamika kwamba programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi haijui Kiswahili, omba kwanza kusikia rekodi yenyewe. Mara nyingi utakuta simu ilikaa mbali, mvua inapiga mabati na watu watatu wanasema pamoja. Iwe wewe ni mwandishi wa likelemba (kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu) Katuba, hapa Lubumbashi, mwanafunzi wa UNILU, chuo kikuu chetu, au katibu wa kanisa anayedaiwa PV, yaani muhtasari wa kikao, kesho asubuhi, nusu ya kazi yako iko kabla ya kubonyeza kitufe chekundu.

Tuanze na umbali. Unapojirekodi mwenyewe, simu ikae sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi ya "p" na "b" isiingie moja kwa moja. Maikrofoni ya simu nyingi iko chini, karibu na tundu la chaja. Usiizibe kwa kidole. Kikaoni, laza simu juu ya kitenge kilichokunjwa, maana meza hupitisha kila kishindo cha kikombe. Iweke karibu na mwenye sauti ndogo. Mwenyekiti atasikika tu. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya sauti inayofika hubaki robo, huku jenereta ya jirani ikiendelea kunguruma vilevile. Na kuanzia Novemba hadi Machi, kama nyumba haina dari, subiri mvua ikatike. Hakuna ujanja hapo.

Kwenye mipangilio chagua faili ya aina ya M4A, mono (njia moja ya sauti), kilobiti 64 kwa sekunde. Saa nzima itakula karibu mega 29. WAV, aina isiyobanwa, ikiwa ya stereo (njia mbili) hula mega 10 kila dakika, na mega za kuituma utazilipa wewe. Weka simu katika hali ya ndege, kwa sababu mtu akipiga, programu nyingi za kurekodi husimama na hazianzi tena zenyewe. Kisha itoe programu hiyo kati ya zile zinazobanwa ili kuokoa betri. Simu nyingi za bei ndogo huizima kioo kikishalala.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: M4A kwa kawaida huandikiwa faharasa yake, ambayo simu huihitaji ili kuifungua, mwishoni, pale unaposimamisha. Betri ikiisha katikati, na umeme wetu hauagi unapoondoka, unaweza kubaki na faili kubwa isiyofunguka kabisa. Kwa hiyo funga faili kila hoja ya ajenda inapoisha, au kila dakika 15, na uipe jina papo hapo: mwaka, mwezi, siku, kisha hoja.

Kwa kugeuza sentensi chache tu kuwa maandishi, kibodi ya Google inatosha. Sauti ya Kiswahili iliingia humo mwaka 2017. WhatsApp ilipoleta maandishi ya jumbe za sauti Novemba 2024, Kiswahili hakikuwemo. Kwa kikao kirefu tumia programu zinazobeba Whisper, mfumo ambao OpenAI iliutoa mwaka 2022 na unaofanya kazi bila intaneti. Pakua modeli mara moja kwenye Wi-Fi. Ile ndogo kabisa ina mega 75 hivi. Kwa Kiswahili usipoteze muda nayo. Yenye mega 466 inasaidia kidogo, na zilizo kubwa zaidi zinahitaji kompyuta.

Whisper husoma sauti kwa vipande vya sekunde 30. Ukiiachia itambue lugha yenyewe, hukisia kwa kipande cha kwanza: mwenyekiti akifungua kikao kwa Kifaransa, Kiswahili chote kinachofuata kinaweza kuharibika. Chagua lugha kwa mkono. Kimya kirefu nacho ni hatari, maana hapo hubuni maneno au hurudia sentensi moja mara kumi; kwa hiyo kikate kwanza. Sehemu ya maelezo ya mwanzo, kama programu inayo, ijaze majina ya wanachama na mitaa, la sivyo Kampemba itatoka kwa sura usiyoitegemea.

Kiswahili inachokielewa zaidi si cha huku kwetu. "Minaenda" (ninaenda), "bintu" (vitu), "bantu" (watu) itaviandika kwa kubahatisha. Unapojirekodi peke yako, sogea kidogo kwenye Kiswahili bora. Lakini usimwambie mama wa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, abadili usemi wake kwa ajili ya simu yako; rekebisha baadaye kwa kutafuta na kubadilisha neno lote kwa mara moja.

Hesabu ndizo huleta ugomvi. "Elfu kumi na tano" yaweza kutoka 15,000 au 10,005, na mtu mwingine atasema "quinze mille" katikati ya sentensi. Mweka hazina arudie kila kiasi tarakimu kwa tarakimu, na aseme kama ni franga au dola. Mwenyekiti naye ataje jina kabla ya kumpa mtu neno, kwa kuwa programu nyingi haziwatenganishi wasemaji. Michango yote ilinganishe na daftari kabla ya kutuma PV, hata kama maandishi yanaonekana safi.

Omba ruhusa kwa sauti, ndani ya rekodi yenyewe. Code du numérique, sheria ya Kongo ya mambo ya kidijitali ya Machi 2023, inalinda data za watu, na sauti ya mtu ni data yake. Anayesema "hili lisirekodiwe", funga faili, andika kwa kalamu, kisha fungua mpya akimaliza.